Ukuta Uliotukanwa

1

Sindano ya kipima nia ilipanda, ikapita kijani, ikapita njano, ikaingia kwenye nyekundu na kutulia humo kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

"Themanini na moja," alisema Bwana Faki, mkaguzi wa Baraza la Kuta. Alikibandua kile kidude ukutani, akakipuliza, akakifuta kwa leso, akakibandika upande wa pili wa dirisha. Themanini na mbili. "Hm. Bora ningekiacha pale pale."

Donata Luhwago aliikodolea macho sindano. Yeye ndiye msanifu wa jengo lile, na jengo lenyewe lilikuwa wodi mpya ya wazazi ya hospitali ya Ilambo: vitanda kumi na viwili vikiwa bado kwenye nailoni, madirisha marefu ya kutazamia milima, na kuta nene za udongo mwekundu zilizokandikwa kwa mikono, ambazo ukizisogelea unaona mawimbi ya vidole. Nje ilikuwa Julai ya nyanda za juu, baridi ya kumfanya jogoo awike kwa mkato. Ndani, bila jiko wala hita, kulikuwa na uvuguvugu wa kikapu cha vifaranga. Mpaka dakika tano zilizopita, Donata alikuwa akijivunia sana uvuguvugu huo.

"Chuki themanini na moja kwa mia," Bwana Faki akaendelea. Alikuwa mtu wa Pemba, na sauti yake ya upole ilifanya hata habari mbaya isikike kama imetiwa tui. "Kikomo cha hospitali ni ishirini. Bi Donata, mie nimekagua magereza mawili na kituo kimoja cha polisi. Hakuna kilichofika sitini."

"Labda kimeharibika."

"Asubuhi nimekijaribu kwenye ukuta wa chekechea. Kimetoa tatu, na hiyo tatu ni ya mwalimu mkuu."

Tangu simiti ilipopigwa marufuku, kwa vile moshi wa viwanda vyake ulikuwa umeifanya mvua isahau tarehe zake, majengo yote ya umma yalijengwa kwa tope la kuvu. Unachukua udongo wa mahali, unachanganya na mbegu ya kuvu iliyofugwa maabara, unakanda, unakandika. Kuvu ikiamka inatoa nyuzi nyembamba kuliko za buibui, nazo zinaushika udongo mpaka unakuwa mgumu kama jiwe. Ila nyuzi hizo zina tabia moja: hufuata mitetemo. Ukijenga kimya, zinakwenda ovyo na ukuta unapasuka. Watu wakiimba au wakizungumza karibu nazo kwa siku tatu, zinajipanga kwa kufuata sauti zao, na ukuta ukikauka unabaki na mpangilio huo, ukivuma polepole, chini ya pale masikio yanapofika. Mavumo hayo huwaingia walio ndani. Hilo liligundulika pale mahakama moja ilipokandikwa na ndugu wawili waliokuwa hawaelewani. Kila aliyeingia humo, hata aliyekuja kuandikisha ndoa, alitoka na kesi. Ndipo likaundwa Baraza la Kuta, na Baraza likaunda kipima nia.

"Tusikilize basi," Bwana Faki alisema, akabonyeza kitufe cha pembeni.

Sauti ikatoka, kavu, yenye kikohozi ndani yake.

"Nyie Wahehe! Jengo zuri namna hii mnataka kuzalia nini humu? Vile vitoto vyenu vinavyokuja duniani vimekunja ngumi? Mtoto wa Kihehe akitoka anapiga kelele, mkunga anasema ni mapafu. Mapafu gani! Ameiona sura ya baba yake!"

Donata alikaa kitandani ghafla, nailoni ikalia chini yake.

"Unamjua?"

"Bibi Eufrasia Mbano. Tulimzika mwezi uliopita."

"Mngoni."

"Mngoni."

"Nawe Mhehe." Bwana Faki akaficha tabasamu kwa leso ileile aliyofutia kidude. "Mtani wako, basi."

"Mtani wa mama yangu. Mimi nilimrithi."

"Mie nimecheka, Bi Donata, usidhani sikucheka. Lakini hiki hakicheki." Akakigonga kipima nia kwa ukucha. "Hiki kilifundishwa na watu ambao wakitukanwa huandika barua kwa wakili. Kwacho, tusi ni tusi." Akafungua jalada. "Sasa nisaidie na hili Tamko la Nia uliloandika. Sheria inataka msanifu aseme kwa nini amechagua malighafi aliyojengea. Wewe umeandika: 'Udongo wa bonde la Ilambo umeteuliwa kwa kuwa unazungumza na mandhari, unavunja mpaka kati ya ndani na nje, na kumrejesha mtumiaji katika asili yake.' Maana yake nini?"

Donata alifikiri. "Maana yake ni udongo."

"Nilihisi hivyo."

Kisha akamwekea mambo mawili mbele yake, taratibu, kama mtu anayepanga vikombe. La kwanza: Donata atie sahihi kwamba wakandikaji walitia matusi bila yeye kujua. Hapo ukuta utafukizwa kwa mvuke siku mbili mpaka kuvu ife, utafunikwa kwa mbao nyeupe za plastiki, na wodi itafunguliwa Jumatatu. Wanawake waliokandika hawataruhusiwa tena kugusa jengo la umma. La pili: aseme alijua. Kutia matusi kwa makusudi kwenye ukuta wa hospitali ni kosa la leseni.

"Nitarudi kesho saa tisa," alisema Bwana Faki. Mlangoni aligeuka. "Ulijua?"

Donata alikuwa akiangalia alama za vidole ukutani.

"Basi kesho," alisema mkaguzi.

2

Uwanja wa wakandikaji ulikuwa nyuma ya soko la viazi: shimo la tope katikati, maturubai juu, na wanawake kumi na mmoja wa Kingoni ambao mama zao walihamia Ilambo kutoka Songea. Donata hakuwa amevuka hata kizingiti cha mabanzi.

"Ficheni mbwa!" mtu akapiga kelele. "Mhehe amekuja na njaa yake!"

Aliyepiga kelele alikuwa Kresensia, binti wa marehemu Eufrasia, mwanamke wa miaka sitini mwenye mabega ya kubebea mlango. Wenzake walijifanya kukimbilia mbwa ambaye hawakuwa naye.

Donata akawaeleza yote, amesimama, koti limefungwa mpaka shingoni. Akaeleza kuhusu themanini na moja, na mvuke, na mbao za plastiki, na kufungiwa kwao. 

"Kwa hiyo wanataka kumfukiza mama," alisema Kresensia. "Alishakufa mara moja. Mara ya pili atakuwa na uzoefu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi, kwa Kiingereza? Sikiliza, Mhehe. Tia sahihi. Sema hukujua, sema Wangoni walikuingilia jengo kama walivyowaingilia babu zako. Kazi nyingine ipo. Watu binafsi bado wanataka kuta. Wewe usipokuwa na leseni utafanya nini? Mikono yenyewe hiyo, hata ugali ukikandwa nayo unalalamika."

Donata aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wakimpa njia ya kutoka, na walikuwa wakimpa kwa dharau ili isimwelemee kubeba.

Maana yeye alijua vizuri kwa nini alichagua udongo ule. Mama yake alimsimulia mara nyingi, kila mara akiongeza chumvi kidogo. Baba yake alikufa kwenye ajali ya lori miezi miwili kabla hajazaliwa. Yeye mwenyewe alikuja akiwa wa miezi saba, ukubwa wa sungura, na maziwa ya mama yakagoma. Siku tatu mama hakunyonyesha wala hakusema neno. Nje, Eufrasia alikuwa akiikandika nyumba, kwa sababu katika Ilambo ngozi ya mwisho ya nyumba hupakwa na watani. Akausikia ule ukimya kupitia ukutani. Akapaza sauti: "We Mhehe humo ndani! Nasikia umezaa. Umezaa mtoto au umezaa panya? Kama ni panya mlete huku, sisi ndio walaji!" Kimya. Akarudia siku nzima, kwa maneno mapya kila mara. Jioni mama akajibu, sauti imekauka: "Ni panya, lakini kwa sura anakushinda." Kisha akacheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka kicheko tena, na gauni likalowa kifuani.

Donata alisoma usanifu. Alijenga benki ya vioo kwenye jiji kubwa na kuandika kwamba kioo ni uwazi. Watu wakaonana humo siku nzima bila kusalimiana. Alijenga maktaba ya chuma na kuandika kwamba chuma ni ukweli. Katika kila malighafi aliyoishika alikuwa akiutafuta ule ukuta, na hakuwahi kuliandika hilo mahali popote, kwa sababu kwenye Tamko la Nia hakuna nafasi ya panya.

"Kresensia," alisema, "mimi sijawahi kumwambia mama yako. Ninawashukuru sana, kwa yote mliyo..."

"Kashukuru!" akapayuka mmoja.

"Kamshukuru mtani! Faini! Faini!"

Wakamzunguka. Kumshukuru mtani ni kosa kubwa kuliko kumpiga, ni kama kumwambia kuanzia leo wewe ni mtu baki. Kabla hajafumba mdomo, koti lilikuwa limeshavuliwa na limevaliwa na mwanamke mwingine, ambaye alijigeuzageuza na kusema linanukia mshahara.

Kresensia peke yake hakucheka.

"Nikuulize jambo," alisema. "Siku zile tatu za kukandika, wenzako walikuwa wapi?"

Donata akainamisha macho. Desturi ya Ilambo ni kwamba watani hukaa upande wa nje wa ukuta na wenyeji upande wa ndani, na matusi huvuka huku na huku tope likiwa bado bichi. Lakini wiki ile ilikuwa ya kipaimara, wanawake wote wa Kihehe wako kwenye masufuria ya pilau, na tope lilikuwa limeshaamka. Tope la kuvu likiamka halisubiri sherehe. Akawaambia Wangoni waanze, akadhani upande mmoja unatosha.

"Mama alitukana siku tatu," alisema Kresensia, "na hakuna aliyemjibu. Siku ya tatu alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda, hakutaka hata uji. Akaniambia, Kresi, leo nimewatukana watu bure. Nimekuwa bibi mwenye mdomo mchafu tu. Wiki mbili baadaye akalala hakuamka." Akachota tope kwa mguu, akalirudisha. "Simaanishi wewe ndiye uliyemuua. Alikuwa na miaka themanini na tisa na alikula chumvi kama ng'ombe. Ninakuambia tu. Hicho kidude hakikukosea sana."

Donata akarudi nyumbani bila koti, meno yakigongana, na baridi haikuwa sababu pekee.

3

Saa tisa kamili Bwana Faki alikuwa wodini, na Donata alikuwa ameshaandika. Alikuwa ameyapiga mstari yale maneno ya mandhari na mpaka na asili, na chini yake akaandika kwa mkono:

"Nilipozaliwa mama yangu hakuwa na maziwa. Mwanamke aliyekuwa akikandika nyumba yetu alimtukana mpaka akacheka, na maziwa yakaja. Nilichagua udongo huu kwa sababu ndio pekee unaoweza kuhifadhi kitu kama hicho. Nilijua watatukana. Niliwaita kwa ajili hiyo."

Bwana Faki alisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Miaka kumi na minne nasoma matamko," alisema. "Hili ndilo la kwanza nimelielewa."

Donata akavuta pumzi. Ilikuwa mapema mno.

"Sasa nikuulize na mimi. Mama anayekuja kujifungua humu, analala kwenye kitanda hiki, ukuta unamvumia usiku kucha maneno ya bibi asiyemjua. Yeye ulimwuliza?"

"Hapana."

"Kama hataki utani? Kama hajui hata kuwa upo? Kama alikotoka ametukanwa kweli, na mtu aliyemaanisha?"

Donata alilitazama tamko lake mkononi mwa mkaguzi. Alikuwa amejiandaa kulitetea tusi. Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo, na swali lilikuwa la haki.

"Sikumwuliza," alisema. "Nilidhani kwa kuwa lilinifaa mimi, basi."

"Basi hilo ndilo kosa lako. Matusi sina habari nayo."

"Tuwaulize sasa. Kabla ya mvuke."

Mkaguzi akaangalia saa, akaangalia kalamu yake, akaangalia ukuta kama anayetarajia utampa ushauri. "Waulize. Lakini kipima nia kinabaki ukutani, na namba nitakayoiona ndiyo nitakayoandika."

Wodi ya zamani ilikuwa ng'ambo ya ua, ya mabati, na humo wanawake tisa walikuwa wakisubiri siku zao chini ya blanketi mbili mbili. Mkunga mkuu, Sista Veneranda, aliwaeleza bila kuwapamba: kule kuna joto, na kuna ukuta unaotukana, asiyetaka abaki, hatapunguziwa huduma. Watatu walikataa. Mmoja wao alisema matusi anayo ya kutosha nyumbani, na Donata akalimeza hilo kama dawa. Sita walikuja, wakiburuta kandambili, mikono chini ya matumbo. Nyuma yao, wakiwa wamesikia habari kwa njia zao, walikuja wanawake wa Kingoni, ambao hawakuruhusiwa kuingia. Basi wakajipanga nje ya madirisha marefu, pua kwenye vioo, mmoja wao ndani ya koti zuri sana.

Bwana Faki akabonyeza kitufe.

"Nyie Wahehe!" alisema Bibi Eufrasia kutoka ukutani. "Mnakuja humu mnatembea kama mabata, mnadhani mmebeba mfalme? Hicho mlichobeba ni kelele! Na mkishazaa mtajisifu mlikuwa majasiri, kumbe mlilia mpaka mbuzi wa misheni wakahama!"

Wale sita walitazamana. Mmoja akaweka mkono mdomoni. Mmoja, msichana wa kujifungua mara ya kwanza aliyeitwa Agripina, fundi wa vile videge visivyo na rubani vya kunyunyizia dawa mashamba ya chai, midomo ilianza kumtetemeka. Vijana wa siku hizi walikuwa wamesikia kuhusu utani kama walivyosikia kuhusu simu za waya. Kipima nia kikapanda: themanini na tatu, themanini na tano.

"Bi Donata," alisema mkaguzi kwa huzuni ya kweli.

Donata alielewa hapo hapo, akiangalia midomo ya yule msichana. Ukuta ulikuwa nusu. Alikuwa amejenga swali na kulifungia mlango kabla ya jibu, kisha akawaleta wagonjwa walale ndani yake. Aliyekosekana ni mtu wa upande huu. Akasogea mpaka karibu na udongo, akajikohoza.

"Wewe... Bibi Eufrasia," alisema. "Tabia yako... hairidhishi."

Mguno mrefu ukasikika nje ya dirisha.

"Mmesikia?" Kresensia akalia. "Anamtukana mama kwa barua ya serikali! Weka na mhuri basi!"

Agripina akapumua puani, kama mtu aliyezuia kitu.

Donata akakunja mikono ya blauzi. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hajamtukana mtu tangu darasa la tano. Akaanza tena, akimwita marehemu kwa jina tupu, kama mama yake alivyokuwa akimwita.

"We Eufrasia! Mngoni wewe! Mlitembea kwa miguu kutoka kusini mpaka huku mkisema mnatafuta vita. Vita gani? Mlikuwa mnatafuta choo! Na mlipokipata mkakaa!" Mmoja wa wale sita akacheka kwa kelele, kisha akashtuka. "Mwizi wewe! Ulimkuta mama yangu na kilio chake, amekaa nacho vizuri, hana shida na mtu. Ukaja na mdomo wako kama bomba lililopasuka, ukamwibia kilio, ukaondoka nacho mpaka leo hujakirudisha! Umetulisha, umetukuza, umetukandikia nyumba, umeniacha sina hata pa kulipia! Mtu gani huyo? Mchawi tu ndiye anayefanya mambo kama hayo!"

Sauti yake ilikatika kwenye neno la mwisho, lakini hakuna aliyesikia, kwa sababu Agripina alikuwa ameshasogea mbele, tumbo limetangulia, ameweka kiganja ukutani.

"Na mimi sitembei kama bata!" alisema. "Bata ni wewe! Umekufa na bado unasema! Kaburini hawakutaki?"

Hapo ndipo wote sita walipoanza. Walianza vibaya, wakikanyagana maneno, wakikosea, wakifundishwa kupitia kioo na wale waliokuwa wakitukanwa. "Si hivyo, mjinga, taja miguu yetu! Miguu yetu ndiyo kiini!" Mkunga mkuu, aliyekuwa mtawa kwa miaka thelathini, alisema jambo kuhusu Wangoni na togwa ambalo halijulikani alilijulia wapi.

Sindano ikayumba.

Bwana Faki akakisogelea kidude. Kuvu haifi ukuta unapokauka, husinzia tu. Ngozi ya juu, nene kama ukucha, hubaki ikisikia kwa mwaka mzima. Pumzi za watu tisa zilikuwa zimeipa unyevu, na ilikuwa ikisuka. Themanini. Sitini na mbili. Arobaini. Kitufe kikamrudisha Eufrasia na kauli nyingine, kuhusu vichwa vya Wahehe, sindano ikaruka hadi sabini. Wanawake wakajibu, ikaanguka hadi kumi na nane. Ikapanda. Ikashuka. Ikawa inakwenda na kurudi kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mzuri.

"Haitulii," alisema Bwana Faki.

"Ni mbaya?" Donata aliuliza, akifuta uso.

"Sheria inasema niandike namba sindano ikishatulia." Akaiangalia dakika nzima. Nje, Kresensia alikuwa akimwambia Agripina kwamba kwa sauti ile mtoto atazaliwa ameziba masikio. "Na ikiwa haikutulia, ukaguzi unaendelea. Na ukaguzi ukiwa unaendelea, siwezi kufunga jengo wala kulifukiza." Akafungua jalada, akaandika polepole kwa mwandiko mzuri: *Ukaguzi unaendelea.* "Kidude nakiacha hapa ukutani, na ukaguzi utaendelea maadamu kuna mtu humu anayejibu. Mie nitakuja kila Julai kuangalia kama bado mnajibu."

"Bwana Faki..."

"Sijamaliza. Kibao mlangoni, kwa maandishi makubwa. Kila mama aulizwe kabla ya kulazwa, na mabati yale yatengenezwe kwa ajili ya asiyetaka. Na wewe, miezi sita bila leseni, kwa kutouliza."

"Ni haki," alisema Donata, na akashangaa jinsi kifua chake kilivyokuwa chepesi. "Nashu..."

"Shh!" alisema mkaguzi, akichungulia dirishani. "Mie sina koti la akiba."

4

Miezi sita ni mirefu kwa mtu aliyezoea kuchora. Siku ya kwanza Donata alipanga vitabu. Siku ya pili alivipangua. Siku ya tatu Kresensia alifika mlangoni, akatazama sebule yake nyeupe, akauliza ni nani amefariki, kisha akamwambia kwamba mtu asiye na leseni ni mali ya watani wake mpaka atakapoipata.

Ndivyo msanifu wa benki ya vioo alivyojikuta ndani ya shimo la tope, sketi imefungwa magotini, akikanyaga. Walikuwa na kazi ya mtu binafsi, jiko la mjane mmoja wa Kihehe. Tope lilikuwa la baridi, kisha kuvu ikaamka na likaanza kupata joto kutoka chini, likapanda kwenye vifundo vya miguu kama maji ya kuogea. Katika vitabu vyote alivyosoma juu ya malighafi za ujenzi, na katika vile viwili alivyoandika, hakuna palipoandikwa kwamba inakuwa hivyo.

"Unakanyaga kama unaogopa kulichafua tope," alisema Kresensia.

"Ninaogopa kukanyaga akili yako. Ndimo ilimozama."

"Aah! Anaanza kuiva."

Sista Veneranda akatokea kwenye kizingiti cha mabanzi, amekunja kanzu yake nyeupe, anahema.

"Agripina amejifungua," alisema. "Alfajiri. Msichana, kilo tatu na nusu."

Shimo zima likapiga vigelegele. Kresensia alisubiri viishe. Alikuwa ameshika ukingo wa shimo kwa mikono yote miwili.

"Na ukuta?" aliuliza.

"Uchungu ulimpata saa saba usiku. Kila ukimkamata, alikuwa akimjibu bibi. Mimi ni mtawa, siwezi kurudia." Mkunga akajaribu kuzuia uso wake, ukamshinda. "Mtoto alipotoka nikamwambia mama yake, labda umwite Eufrasia, kwa heshima. Akainuka kwa viwiko, na uchovu wake wote, akaugeukia ukuta, akasema, 'Nimpe mwanangu jina la yule bibi mwenye mdomo? Hata aniombe kwa magoti! Yeye mwenyewe akirudi nitambadilisha jina!' Nikaangalia kidude. Kilikuwa kwenye sita."

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye tope. Donata alicheka pia, kisha akaona kwamba Kresensia hacheki. Alikuwa amesimama wima ndani ya shimo, mabega yake makubwa yameshuka, akiangalia upande wa hospitali.

"Amejibiwa," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Donata hakuwahi kuisikia kwake. "Mama amejibiwa."

Kisha akainama, akachota tope kwa mikono yote miwili, akamsogelea Donata, akampaka usoni taratibu, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, kama mtu anayekandika kitu anachotaka kidumu.

"Kanyaga, Mhehe," alisema. "Mjane wa watu anangoja jiko."